Kibaraza cha Mzee Mfaume

Vumbi halishiki saruji. Ndilo neno mlilolisikia leo kule kwa balozi wa nyumba kumi, wale ndugu wawili walipohimizwa kupeana mikono upesi ili watu wakanywe chai, na yule bibi aliyekaa nyuma akajitanda khanga yake, akalisema, akaenda zake. Mnataka kujua kwa nini wazee wote waliinamisha vichwa. Basi kaeni vizuri. Neno hili lina wenyewe, watu waliokuwa na majina na nyumba hapahapa Masasi, na lilizaliwa kwa sababu ya kibaraza.

Mzee Mfaume Nalinga alikuwa na nyumba upande wa Mkuti, nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoachiwa na baba yake. Mbele yake palikuwa na kibaraza kirefu cha zege, kipana, cha kutosha kutandika mikeka na bado watu wakapita. Enzi za baba yake, mtu akitoka msikitini alasiri alipitia hapo kwanza ndipo aende kwake. Walicheza bao, walisikiliza redio, waliamua ugomvi wa mashamba. Lakini wakati habari hii inapoanza, kibaraza kilikuwa kimechakaa vibaya. Kingo zilikuwa zimemung'unyuka mpaka kokoto zikachomoza, upande mmoja ulikuwa umetitia, na uso wake wa juu ulibanduka vipande ukiupitishia tu fagio. Hakuna aliyekaa tena pale. Watu walimsalimia mzee wakiwa barabarani, wakapita.

Tena si nyufa zilizowakimbiza. Walianza kuacha kukaa pale tangu siku ya mabati.

Msikiti wa mtaa ulikuwa umechanga, ukanunua mabati mapya, na kwa kuwa Mfaume aliaminika, yakawekwa kwenye stoo yake yakingoja kiangazi. Mwenyewe aliyatia alama ya rangi nyekundu pembeni. Kisha akapata msiba Newala, akaenda, akamwacha nyumbani kijana wake Ausi. Aliporudi alikuta stoo tupu, na kufuli zima. Ausi aliapa hajui lolote. Alisema alishinda shambani, na ufunguo aliuacha mahali pake pa siku zote, juu ya mlango. Mfaume hakumsikiliza. Aibu ilikuwa imempanda kichwani. Aliwaita watu wa msikiti, wakajaa kibarazani na wengine wakasimama chini, naye akasema mbele yao wote, "Msihangaike kutafuta mwizi. Mwizi nimemzaa mwenyewe."

Mkewe, Bi Tabia, alitoka ndani akipiga yowe kama la msibani. "Baba Ausi, lirudishe hilo neno! Lirudishe!"

Neno halikurudi. Kesho yake Ausi alipanda lori la Tunduru na kibegi chake, na nyuma yake mtaa ukambandika jina: Bati. Hata watoto ambao hawakupata kumwona walijua kwamba kwa Mzee Mfaume palikuwa na kijana aliyeitwa Bati.

Mfaume aliuza korosho zake za msimu mzima, akanunua mabati mengine, msikiti ukaezekwa. Watu wakamsifu sana, ingawa kibarazani, pale mama alipopigia yowe, waliona haya kukaa. Walisema, tazameni mzazi huyo, mwana kaharibu, baba katengeneza. Naye alizipokea sifa hizo.

Miaka ikapita. Siku moja Mfaume alikwenda Chiungutwa kumjulia hali mdogo wake, Bakiri, aliyekuwa anaugua. Mvua ilimkuta uani, akakimbilia kwenye ghala la korosho nyuma ya nyumba. Alipoinua macho aone kama pavuja, aliona mabati, na pembeni mwa kila bati, alama nyekundu ya mkono wake mwenyewe.

Bakiri alimfuata akamkuta bado anatazama juu. Akapiga magoti palepale kwenye tope.

"Kaka, nilijua ufunguo unapokaa. Nilidhani utasema yameibwa, basi, yaishe. Sikujua utamshika Ausi."

"Siku ile ulikuwepo," Mfaume akasema. "Ulikaa kibarazani kwangu ukanisikia."

"Nilikuwepo, kaka."

Mfaume angeweza kwenda kusema siku ileile. Na njia nzima ya kurudi alijiambia kwamba atasema. Lakini kila alipozidi kuukaribia mji, nyuso za watu zilimjia. Akisema Bakiri ndiye mwizi, ukoo unapakwa matope mara ya pili. Akisema Ausi hana hatia, basi yule baba waliyemsifu ni mtu gani? Alipofika, Bi Tabia alimuuliza shemeji anaendeleaje. "Hajambo," akajibu, akanawa mikono, akala. Na neno alilolinyamazia siku ya kwanza, siku ya pili lilikuwa gumu zaidi, hata akalizoea kama mtu anavyozoea kijiwe kwenye kiatu.

Kisha Bi Tabia akaanza kuugua. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, akipiga hatua mbili anakaa. Hospitali walimpa dawa na kumwambia apumzike, lakini moyo wake ulikuwa na haja moja tu. "Niitie mwanangu," alimwambia mumewe. "Nimwone akiingia kwa mlango wa mbele." Habari zikapelekwa Tunduru kwa mdomo wa madereva wa malori, maana simu za mkononi zilikuwa bado. Jibu likarudi hivyohivyo: Ausi atakuja sikukuu ya Idi, na mkewe, na mtoto wao.

Mama yule alifurahi mpaka akaomba atolewe nje. Alitaka kumpokea mwanawe akiwa ameketi kibarazani, si kitandani. Mfaume akamshika mkono kumtoa, na pale mlangoni kipande cha sakafu kikageuka chini ya mguu wake. Nusura waanguke wote wawili. Bi Tabia akashika fremu ya mlango, anahema.

"Baba Ausi," akasema, "mwanao hatapita hapa akavunjika mguu. Tengeneza."

Ndipo alipoitwa fundi Chilumba. Alikuwa fundi mwashi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache, na alikuwa rika moja na Ausi, walikua pamoja. Alipita kibarazani akigonga kwa kichwa cha nyundo, hapa, na hapa, na pale, akisikiliza. Mahali pengi zege lililia kama chungu kitupu.

"Mzee, juu hapa pamekufa," akasema. "Dawa yake ni kuchimbua kwa tindo kila kilicholegea mpaka nifike kwenye zege zima. Tufagie, tuoshe, tulinyweshe maji mpaka likatae. Kisha nipake uji wa saruji, ndipo niweke tabaka jipya juu yake. Na baada ya hapo tulifunike magunia mabichi lisikauke haraka."

"Idi imeshafika, fundi. Ukianza kuchimbua, mwanangu atapokelewa kwenye kifusi."

"Asubiri kidogo apokelewe kwenye kibaraza."

"Mama yake hana muda wa kusubiri," Mfaume akasema, na hilo lilikuwa kweli. Lakini palikuwa na jingine ambalo hakulisema. Mlio wa nyundo ulikuwa umemchosha roho. Hakutaka pale mahali pachimbuliwe, majirani wakusanyike, waanze kukumbushana nani alisimama wapi siku ile. "Funika tu juu. Nani atafunua aangalie chini?"

Chilumba akachota kwa kiganja ule unga wa kijivu uliokuwa kwenye ufa, akaupuliza. "Vumbi halishiki saruji, mzee. Mimi nitafunika kwa kuwa nyumba ni yako. Ila nimesema, na Mama Ausi huko ndani amenisikia."

Akafunika. Alichanganya mchanga na saruji, akamimina, akavuta kwa ubao, akasawazisha kwa mwiko, akanyoosha kingo, mwisho akapiga niru, ule uji wa saruji tupu wa kulainishia, mpaka uso ukang'aa. Lo, kilipendeza! Watu waliopita walisimama. Mfaume alitoka mara kwa mara akakitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alihisi kifua kimelegea. Alijiona kama mtu aliyekwisha kutengeneza mambo.

Ausi alifika sikukuu yenyewe, amekuwa mtu mzima, ndevu zimemjaa. Alikuwa na mkewe, Sharifa, na kitoto cha kike walichokipa jina la bibi yake. Bi Tabia alikuwa ameketi kibarazani kwenye kiti cha kamba, amevaa khanga mpya. Hakuweza kusimama. Ausi alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwake, na mama akawa anampapasa kichwa tu, anarudia, "Umekuja. Umekuja." Mfaume alimpa mwanawe mkono, Ausi akaupokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu."

Majirani wakaja. Mikeka ikatandikwa, pilau ikapakuliwa kwenye sinia. Bakiri naye alikuja kutoka Chiungutwa, akakaa kwenye kona, akala bila kuinua uso. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka alipofika mzee Lipende, jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa mzaha asiye na ubaya moyoni. Alipomwona Ausi alifungua mikono yake akaita, "Aah, Bati! Bati umerudi!"

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya. Ni kile cha mazoea. Yule mtoto akamtazama babu huyu, kisha akamtazama baba yake.

"Baba, Bati ni nani?"

Kicheko kikakatika. Ausi aliacha kula. Bi Tabia akamtazama mumewe, na watu wengine wote wakamtazama pia, kwa sababu mwenye nyumba ni yeye. Mfaume akasafisha koo akainuka.

"Jamani, leo ni siku njema," akasema. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi nimeshamsamehe mwanangu. Nanyi msameheni."

Wengine wakaitikia, "Naam, mzee, maneno hayo." Lakini Ausi alikuwa ameshasimama.

"Umenisamehe nini, baba?"

Aliuliza taratibu, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Mfaume alimtazama mwanawe, kisha macho yakamteleza yenyewe mpaka kwenye kona. Bakiri alikuwa ameshika tonge, halipandi mdomoni wala halishuki. Neno lilikuwa palepale kwenye ulimi wa Mfaume. Lilikuwa fupi. Angelisema wakati ule, mimi nisingekuwa na habari ya kuwasimulia leo.

"Leo ni sikukuu, mwanangu," akasema. "Kaa tule."

Ausi hakukaa. Alinawa, akamwinamia mama yake, wakasemezana jambo ambalo hakuna aliyelisikia. Jua lilikuwa bado halijapinda vizuri, naye akamchukua mkewe na mtoto wake, wakaenda stendi kutafuta gari. Bi Tabia alibaki kwenye kiti chake mpaka wageni walipokwisha.

"Baba Ausi," akasema, "kuna kitu umekikalia."

"Sina kitu, Mama Ausi. Ni kijana mwenye kiburi."

Mvua za kwanza ziliponyesha, kibaraza kikaanza kusema. Kwanza palitokea mistari myembamba kama nywele. Kisha kipande kikainuka ukingoni, kikafuatwa na kingine, na ile niru nzuri ikawa inabanduka mapande mapana kama magome ya mti. Ukikiinua kipande, chini yake unakuta vumbi lilelile la zamani, kavu, halijashikana na kitu.

Mfaume alighadhibika. Alimwita Chilumba, na wakati huo Bi Tabia alikuwa amelala chumba cha mbele, dirisha liko wazi.

"Tazama kazi yako!" Mfaume akamfokea. "Mchanga mtupu! Saruji yangu umeipeleka wapi? Umeniibia!"

Chilumba alikuwa ameinama anatazama kipande. Akakiweka chini polepole, akasimama.

"Mzee, nitukane kwa jingine lolote," akasema. "Lakini usiniite mwizi juu ya kibaraza hiki. Aliyeitwa wa kwanza alitosha. Nilikuwepo siku ile. Nilisimama pale chini, Ausi akanitazama nimtetee, nami nikanyamaza kwa kuwa wewe ni mzee. Leo sinyamazi. Nilikwambia vumbi halishiki saruji, ukasema funika. Nikafunika. Sasa limejifunua lenyewe."

Akachukua nyundo yake akaondoka. Mfaume alibaki amesimama katikati ya vile vipande. Ndipo sauti ya mkewe ikatoka dirishani, nyembamba, ya mtu anayepumua kwa shida.

"Ingia ndani. Uniambie."

Akaingia. Hakukaa kitandani, alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akasema yote. Alisema ghala, alama nyekundu, Bakiri kwenye tope. Alisema tangu lini. Bi Tabia alisikiliza macho yakiwa darini.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unalala ubavuni mwangu," mkewe akasema. "Ukinisikia nikimlilia."

"Nisamehe, Mama Ausi."

"Mimi usiniambie. Mimi nilijua mwanangu si mwizi tangu siku ile. Waambie uliowaita. Uwaite tena, wasimame palepale, Ausi awepo, na mimi nisikie kwa masikio yangu."

"Nitawaambia."

"Lini?"

Akafikiri. "Mvua zikitulia, barabara ikipitika. Acha kwanza nizungumze na Bakiri."

Bi Tabia aligeuza uso wake ukutani. Hakusema tena kuhusu jambo hilo, na kabla mvua hazijatulia, alikufa.

Barabara ya Tunduru ilikuwa tope tupu na malori yalikwama njiani. Ausi aliposhuka Masasi, nguo zake zimejaa matope mpaka kiunoni, kaburi la mama yake lilikuwa limeshafukiwa. Alipelekwa makaburini, akasimama pale, akarudi. Watu walikuwa wamejaa msibani, wengine ndani, wengine juu ya kile kibaraza kilichobanduka, wakikaa kwa kukwepa mashimo.

Mfaume alimwona mwanawe akija. Akasimama. Akashika nguzo.

"Ndugu zangu," akasema, "wengi wenu niliwaita hapa zamani, nikawaambia mwizi wa mabati nimemzaa mimi. Nilisema uongo bila kujua. Kisha nikajua, nikaendelea nao. Mabati niliyaona kwa macho yangu mahali pengine, kwa mtu wa damu yangu, nikanyamaza. Mlinisifu, nikazila sifa zenu. Mwanangu si mwizi. Hakuwa mwizi hata siku moja. Fundi Chilumba aliniambia vumbi halishiki saruji, nikadhani anazungumzia kibaraza. Mama yake Ausi aliomba alisikie hili akiwa hai, nikamwambia angoje mvua zitulie."

Pale kwenye kona Bakiri aliinuka bila kuitwa, akavua kofia yake. "Ni mimi," akasema. Akavaa viatu, watu wakampisha njia, akaenda. Haikusikika tena kwamba alikanyaga Masasi.

Mfaume akamwendea mwanawe, akataka kupiga magoti. Ausi akamshika mabega, akamzuia.

"Nimesikia, baba," akasema. "Ila aliyetaka kulisikia yuko udongoni."

Alikaa mpaka hitima ikasomwa. Katika siku hizo Mfaume mwenyewe, kwa mikono ya kizee, alishika tindo akaanza kukichimbua kibaraza chote, kipande kwa kipande, na Chilumba alipoona hivyo alikuja na nyundo yake akamsaidia bila kutajiana ujira. Ausi alikuwa akiwatazama tu kutoka mlangoni. Siku ya mwisho alichukua fagio, akafagia lile vumbi mpaka likaisha, akamwaga maji. Kesho yake alirudi Tunduru.

Kibaraza kilitengenezwa kama Chilumba alivyotaka tangu mwanzo, na hakikubanduka tena. Ausi alikuja kila mwaka kuzuru kaburi la mama yake. Alikuwa akipita kwa baba yake, anamwamkia, anaketi hapo nje, anakunywa maji. Ila kulala katika nyumba ile hakulala mpaka Mfaume alipofariki. Watu wa mtaa waliacha kumwita Bati. Lakini wale ambao hawakuwepo msibani, waliohama zamani, walilibeba jina lile kule walikokwenda, na huko hapakuwa na mtu wa kulifuta.

Naye Mfaume, katika miaka yake iliyobaki, aliitwa mara nyingi kwenye suluhu za watu. Aliketi akasikiliza. Lakini wakiona aibu kusema kilichotendeka, wakaanza kuharakisha, haya jamani peaneni mikono, yaishe, yeye aliinuka kwa fimbo yake akaondoka, na mlangoni aligeuka akawaambia maneno ambayo fundi alimwambia yeye, na hakuyafuata mpaka yakamgharimu mke na mwana. Watu walijua anasema nini. Wakayashika, wakayarithisha, na leo mmeyasikia nanyi: vumbi halishiki saruji.